Safari ya Mboga Huamuliwa Kabla Lori Halijawashwa

Mazungumzo mengi kuhusu biashara ya mboga huanzia sokoni. Husemwa habari za bei iliyoporomoka, za dalali aliyejichukulia fungu kubwa, za lori lililoharibika njiani na za mizigo iliyomwagwa jalalani kabla jua halijapanda. Hayo yote hutokea na yanastahili kuandikwa. Hata hivyo, kadiri ninavyolifuatilia jambo hili ndivyo ninavyozidi kusadiki kwamba sehemu kubwa ya faida na hasara ya mkulima mdogo huwa imekwisha kuamuliwa mapema zaidi, kati ya wakati kisu kinapokata shina na wakati mzigo unapopakiwa garini. Ni saa chache tu, na aghalabu ni kilomita chache za njia ya vumbi au ya tope, lakini ndani ya saa hizo mambo mawili huenda sambamba: mboga inapungukiwa na uhai, na mwenye mboga anapungukiwa na uwezo wa kuikataa bei mbaya.

Mboga iliyovunwa bado i hai. Inaendelea kupumua, yaani inatumia sukari iliyojiwekea na kutoa joto, mvuke na hewa ya ukaa, ila sasa haina tena mizizi ya kuirudishia kile inachotumia. Mboga nyingi za majani huwa na maji yanayofikia au kuzidi asilimia 90 ya uzito wake, na kwa kutegemea aina, kupoteza kati ya asilimia 3 na 10 ya uzito huo kunatosha kuifanya mboga inyauke kiasi cha kumfanya mnunuzi aipite. Pale inapouzwa kwa kilo hasara huwa mara mbili, kwa kuwa maji yaliyopotea yalikuwa nayo ni uzito wa kuuzwa. Kasi ya kupumua hufuata joto: kwa mboga nyingi, joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, kasi hiyo huongezeka mara mbili hadi tatu. Kwa hiyo fungu la majani lililokaa mchana kutwa kwenye nyuzi 35 limejichosha mara mbili au tatu zaidi ya jingine lililovunwa shamba hilohilo, siku hiyohiyo, likakaa kwenye nyuzi 25. Tofauti ya namna hiyo mara nyingi haihitaji mtambo wowote. Mti wenye kivuli kizito, au paa la makuti lililoachwa wazi pande zote, huleta sehemu kubwa ya manufaa hayo, na mimi nashangaa jinsi miradi mingi ya kilimo inavyofikia kununua vifaa vya gharama kabla ya kuuliza kama mavuno yana mahali pa kukaa nje ya jua.

Saa ya kuvuna nayo si jambo la mazoea tu. Majani yanayovunwa alfajiri huwa yamejaa maji na joto la ndani liko chini, kwa hiyo huanza safari yakiwa na akiba. Nyanya ni habari nyingine, kwani ikivunwa na kufungashwa ikiwa imelowa umande au mvua, unyevu uliobaki kwenye ngozi na kwenye kovu la kikonyo huwapa njia bakteria wa kuozesha. Ni vyema isubiri ikauke, hata kama kusubiri huko kunakula sehemu ya asubuhi. Mkulima mwenye mazao mchanganyiko hulazimika kupanga kazi yake kwa kuzingatia hilo, kwa kuanza na majani, kisha matunda ya mbogamboga, na vitunguu baadaye kabisa, shingo zake zikiwa zimekauka.

Tatizo ni kwamba ratiba ya kuvuna haipangwi na mkulima wala na mboga, bali na gari. Masoko ya jumla katika miji mingi hufanya kazi usiku au alfajiri, kwa sababu wauzaji wa rejareja wanataka kuwa na bidhaa mbele yao kabla wateja hawajaamka. Ili mzigo ufike saa tisa usiku, lori lazima liondoke jioni, na ili liondoke jioni likiwa limejaa, uvunaji hufanyika adhuhuri, katika saa mbaya kuliko zote. Safari ya usiku yenyewe ina heri yake, maana hewa ni baridi na barabara haina foleni. Kinachoiharibu ni kwamba mboga huingia katika safari hiyo zikiwa zimebeba joto la mchana ndani yake, na zikishashindiliwa pamoja joto hilo halina pa kutokea.

Anayetaka kuliona hilo kwa macho yake na afungue gunia la majani lililosafiri usiku kucha, kisha aingize mkono hadi katikati. Majani ya pembeni yatakuwa yamepoa na pengine bado yanapendeza. Ya katikati ni ya moto, yamelainika, yameanza kupata rangi ya manjano na yanatoa harufu ya uchachu, kwa sababu kila jani limekuwa likimpashia joto jirani yake kwa saa nyingi, na joto hilo likaongeza kasi ya kupumua, na kasi hiyo ikaleta joto zaidi. Mnunuzi mzoefu anajua hivyo. Hulitazama gunia kwa nje kidogo tu, kisha hutumbukiza mkono, na bei anayotaja baada ya hapo ni bei ya lile lililoko katikati.

Vyombo vya kubebea vinastahili nikae navyo kidogo, kwa kuwa ndipo hasara inapojificha. Gunia ni rahisi, jepesi na halihitaji kurudishwa, lakini uzito wote wa mzigo uliopangwa juu yake hubebwa na mboga zenyewe. Tenga lililosukwa lina hewa nzuri, ila kuta zake hupinda na vijiti vilivyochongoka ndani hutoboa ngozi laini. Sanduku la mbao hustahimili uzito, lakini likiwa refu kwenda chini, nyanya za tabaka la mwisho hupasuka kwa uzito wa zile za juu, na mbao ambazo hazikupigwa randa, au msumari uliochomoza kidogo, huacha mikwaruzo inayogeuka kuwa mioza baada ya siku mbili. Kreti ya plastiki yenye kina kifupi na kuta laini imeshinda vyote hivyo kwa sababu moja ya msingi: kreti zinapopangwa, uzito hupita kwenye kuta kutoka kreti hadi kreti na kushuka hadi sakafuni, huku nyanya zikibaki zimekaa tu ndani. Sharti lake ni kwamba isijazwe kupita ukingo. Kreti iliyojazwa kilemba haina tofauti na gunia, kwani kreti ya juu yake itakalia nyanya.

Kabichi ina kinga yake ya asili, na inafaa ivunwe pamoja na majani matatu au manne ya nje yanayopokea michubuko badala ya kichwa chenyewe. Hao wanaoyabandua yote shambani ili mzigo uonekane msafi wanaondoa kifungashio cha bure. Kuosha nako kuna hatari isiyofahamika na wengi. Nyanya yenye joto la shambani ikitumbukizwa ndani ya maji baridi, hewa iliyomo ndani yake hujikunja na kuvuta maji kupitia kovu la kikonyo, na kama maji hayo yametumika tangu asubuhi bila kubadilishwa wala kutiwa dawa ya klorini, kila kidudu kilichoelea humo hupata mlango. Baada ya siku mbili au tatu nyanya iliyokuwa inang'aa huporomoka kuanzia juu, na lawama huishia kwa mwenye lori.

Nimetaja kilomita chache za kwanza, na sasa nizieleze. Kwa mujibu wa takwimu zinazotumiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, takriban mashamba matano kati ya kila sita duniani yana ukubwa usiozidi hekta 2. Shamba la namna hiyo halijazi lori. Mara nyingi halijazi hata gari dogo. Mavuno ya siku moja hutoka yakiwa kichwani, juu ya baiskeli, nyuma ya pikipiki, mgongoni mwa punda au kwenye mkokoteni, na kwa kuwa mzigo ni mdogo na njia ni mbovu, gharama ya kusafirisha kilo moja katika kila moja ya kilomita hizo chache huweza kuizidi kwa mbali gharama ya kilomita moja ya barabara kuu. Mtikisiko nao ni mkubwa zaidi hapo. Tunda laini lililosafirishwa kwa pikipiki katika njia ya mawe huenda lisionyeshe kovu lolote likiwa kando ya barabara, lakini nyama yake imekwisha kuvurugika ndani na itaanza kuvuja maji siku ya pili, mikononi mwa mtu mwingine kabisa.

Ndiyo maana kituo cha kukusanyia mazao kilicho karibu na mashamba kina thamani kuliko ghala kubwa lililojengwa mjini. Kituo kinachofaa hakihitaji kuwa jengo la fahari. Kinahitaji paa, sakafu inayosafishika, maji safi, meza ya kuchambulia iliyoinuliwa kutoka chini, na mizani inayoonekana na pande zote mbili. Hapo mazao ya wakulima ishirini huwa mzigo mmoja ambao mwenye lori atakubali kuufuata, na huchambuliwa wakati bado mwenye mali yupo na anaweza kuona kwa nini fungu lake limewekwa upande huu na si ule. Huko pia ndiko kunakofaa kutenganisha yale yasiyopatana. Nyanya zinazoiva hutoa gesi ya ethilini, ambayo huyafanya majani mabichi na matango yageuke manjano upesi na huzitia karoti uchungu, kwa hiyo kupakia vyote pamoja chini ya turubai moja kwa usiku mzima ni kuviharibu bila hata kuvigusa.

Sasa nije kwa dalali na mchuuzi, ambao hutukanwa katika kila mjadala wa jambo hili. Mimi siamini kwamba wao ndio kiini cha tatizo. Mchuuzi anayefuata mzigo hadi kijijini analipa gari kabla hajauza, anabeba hatari ya mvua na ya bei kushuka usiku mmoja, mara nyingi amemkopesha mkulima mbegu au dawa miezi mitatu nyuma, na anajua soko lipi limejaa wiki hii. Kazi hizo lazima zifanywe na mtu fulani, na pale ambapo vyama vya wakulima vimejaribu kumwondoa bila kuzifanya zenyewe, mboga zimeozea kituoni. Ninachokilalamikia ni giza linalomzunguka: kipimo kisichojulikana, daraja la ubora lisilotamkwa, na bei ya sokoni ambayo upande mmoja tu unaijua.

Kipimo ndicho kibaya kuliko vyote. Gunia lililoshindiliwa na kuongezewa kilemba juu yake huuzwa kwa bei ya gunia, ingawa lina uzito wa gunia na nusu au zaidi. Mkulima anadhani amepunjwa bei, kumbe amepunjwa kilo. Na ubaya wake hauishii kwenye fedha, kwa kuwa kushindilia huko ndiko kunakovunja mashina, kubana hewa na kuleta lile joto la katikati nililolieleza. Mizani kituoni ingeponya magonjwa yote mawili kwa pamoja, kwani anayelipia kila kilo hana tena sababu ya kutaka gunia lipasuke.

Kuhusu ubora, mwanauchumi George Akerlof alionyesha mwaka 1970 kwamba pale ambapo mnunuzi hawezi kutofautisha kilicho bora na kilicho hafifu, hutoa bei ya wastani kwa vyote, na mwenye kilicho bora hatimaye hujitoa au huacha kujisumbua. Yeye alitumia mfano wa magari yaliyokwisha kutumika, lakini hoja yake inaliingia gunia la mboga bila kubadilishwa neno. Ikiwa nyanya zilizovunwa kwa uangalifu, zikakaushwa na kupangwa kwenye kreti, zitapata bei ileile ya nyanya zilizotupwatupwa, basi uangalifu ni hasara kwa aliyeufanya. Mkulima anayeweka nyanya mbovu chini na nzuri juu anaishi katika soko ambalo halijawahi kumlipa kwa kufanya vinginevyo, na kumhubiria uaminifu bila kulibadilisha soko hilo hakutamsaidia yeye wala mnunuzi.

Kuna mfano wa zamani ambao huwa naurudia moyoni. Mwaka 1887, katika kijiji cha Broek op Langedijk huko Uholanzi, wakulima wa mboga waliokuwa wakisafirisha mazao yao kwa mashua kupitia mifereji walianza kuuza kwa mnada mbele ya wanunuzi wengi kwa pamoja, badala ya kila mmoja kuvutana peke yake na mchuuzi aliyemkuta. Bei ilianza juu na kushuka hadi mnunuzi wa kwanza alipoikubali. Baadaye saa kubwa ya mnada, ambayo mshale wake huonyesha bei inavyoshuka, ikachukua nafasi ya sauti ya mnadi, na mtindo huo ukaenea hadi kwenye biashara ya maua. Ninalolipenda katika habari hiyo ni mpangilio wake: mzigo uliletwa mahali pamoja, ukaonekana na wote, bei ikasikika na wote, na mauzo yakaisha upesi kabla mboga haijachoka.

Wengi hudhani kwamba jawabu kuu ni vyumba vya baridi. Baridi ni nzuri, lakini inafika wapi na lini? Chumba cha baridi kilichojengwa sokoni hupokea mboga ambazo zimekaa juani nusu siku na kusafiri usiku kucha, na baridi haiwezi kurudisha maji wala sukari iliyokwisha kutumika. Zaidi ya hayo, mboga hazipendi baridi ileile. Kabichi, karoti na majani mengi hukaa vizuri karibu na nyuzi 0 penye unyevu mwingi, ilhali nyanya ambazo hazijaiva, matango na bilinganya hudhurika zikikaa muda mrefu chini ya nyuzi 10: nyanya hizo hushindwa kuiva sawasawa, huota mabaka, na huoza upesi zikitolewa. Vitunguu navyo vinachukia unyevu ambao majani yanauhitaji. Chumba kimoja kinachowekewa kila kitu kwa joto moja kitaharibu baadhi ya vitu hakika.

Kwa mkulima mdogo ninaona matumaini zaidi katika ubaridi unaoletwa na maji yanayokauka. Mwalimu Mohammed Bah Abba wa Nigeria alipata tuzo ya Rolex mwaka 2000 kwa kueneza chungu kilichowekwa ndani ya chungu kingine, mchanga wenye maji ukiwa katikati, ambacho huhifadhi mboga kwa siku nyingi zaidi kuliko zikiachwa wazi. Nchini India watafiti walijenga kwa kanuni hiyohiyo chumba cha matofali chenye kuta mbili na mchanga kati yake, kinachotosha mavuno ya shamba dogo na kisichotumia umeme. Kanuni hii ina mpaka wake: hufanya kazi vizuri pale hewa inapokuwa kavu, na katika maeneo ya pwani au wakati wa masika, hewa ikiwa imejaa unyevu, maji hayakauki na ubaridi haupatikani. Huko kivuli, upepo na kuharakisha mzigo ndiyo yanayobaki.

Umbali wa soko unapaswa pia kuamua nyanya ivunwe katika hatua gani. Kwa safari ndefu huvunwa rangi inapoanza tu kubadilika kitakoni, ili iive njiani, na kwa soko la jirani inaweza kuachwa hadi iwe nyekundu. Mkulima anayevuna bila kujua mzigo wake unakwenda wapi hana namna ya kuchagua. Simu ingetosha kumpa habari hiyo, na kweli simu imesaidia sana kwa bei, ila habari ya bei inayomfikia mtu ambaye amekwisha kuvuna haimpi nguvu yoyote. Inamsaidia iwapo itafika siku moja kabla, wakati kabichi bado imesimama shambani na inaweza kungoja siku tatu au nne bila kudhurika. Shamba ndilo ghala pekee alilo nalo, nalo halifai kwa kila zao, kwani bamia iliyoachwa siku mbili zaidi hukomaa na kuwa na nyuzi.

Linabaki swali la nani alipie. Kreti, kivuli, meza ya kuchambulia na mizani ni gharama za upande wa shamba, lakini faida yake kubwa huonekana sokoni, siku mbili baadaye, kwa mtu ambaye hakuchangia chochote. Kreti zenyewe zikienda mjini hazirudi, kwa kuwa kila mtu hupata kazi nyingine ya kuzitumia. Njia iliyo ya haki zaidi kwa maoni yangu ni kumfanya mnunuzi wa jumla awe mmiliki wa kreti, azilete tupu gari linapokuja kuchukua mzigo, na kituo kimlipishe amana kwa kila kreti ambayo haikurudi; kisha alipe kituoni kwa kilo na kwa daraja, akiwa amesaini karatasi mbili zinazofanana, moja yake ibaki kwa mkulima. Katika sehemu nyingi wanaochuma, kuchambua na kufunga mafungu ni wanawake, na fedha hupokewa na wengine, kwa hiyo ningetaka karatasi hiyo iandikwe jina la aliyeleta mzigo, si la mwenye shamba peke yake.